Kila Mdudu na Saa Yake: Mwongozo kwa Anayekwenda Kujitolea Kijijini

Usiku wangu wa kwanza kijijini nililala taa ikiwaka. Nilidhani mwanga utawatisha wadudu. Ilipofika saa nne ukuta mzima ulikuwa unatembea: nondo, kombamwiko, mende wa kuruka, na mjusi mmoja mnene aliyekuwa akila kama yuko harusini. Asubuhi mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu," akasema, "hawa kila mmoja ana saa yake. Wewe umewaita wote kwa pamoja."

Nimekaa vijijini miaka kadhaa tangu siku hiyo, na sijapata ushauri bora kuliko huo. Huwezi kuwaua wote wala kuwafukuza wote. Unachoweza ni kujua nani anapita wapi na saa ngapi, ukampisha au ukamfungia mlango. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinafuata saa, kuanzia kabla hujaondoka hadi siku ya kurudi.

Hatua ya 1: Kabla ya kufunga begi

Mtafute aliyewahi kukaa huko unakokwenda, umuulize maswali matatu. Mtu wa mwisho kuumwa hapo aliumwa na nini? Hospitali gani iliyo karibu ina dawa ya sumu ya nyoka, na unafikaje usiku? Maji yanatoka wapi? Swali hili la tatu lina majibu mengi kuliko linavyoonekana. Mto uendao kasi maana yake kuna usubi, wale inzi wadogo weusi wanaouma mchana na kueneza ugonjwa unaopofusha macho. Ziwa au bwawa lililotulia maana yake fikiria konokono wa kichocho, na pengine mamba na kiboko.

Chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na muda. Ya homa ya manjano inategemea nchi. Ya kichaa cha mbwa wengi huiruka, lakini ukienda mbali na hospitali ipate mapema. Utakapoumwa bado utahitaji kuchomwa tena, ila dozi zitakuwa chache zaidi.

Kuhusu malaria, usijidanganye kwa kuwa umezaliwa Afrika. Aliyekulia Nairobi au Addis Ababa, miji ya juu yenye baridi, hana kinga ya mtu wa bondeni. Aliyeishi ng'ambo muda mrefu, kinga aliyokuwa nayo imepungua. Muulize daktari kuhusu vidonge vya kujikinga. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, na asilimia 95 kati yao walikuwa Afrika. Wengi walikuwa watoto wadogo, lakini na mtu mzima asiye na kinga yumo kwenye hatari.

Vitu vya kubeba ni vichache: chandarua chenye dawa, sindano na uzi wa kukishonea, tochi ya kuvaa kichwani, viatu vya kufunika vidole, mabuti ya mvua, mafuta ya kupaka yenye DEET (kemikali ya kufukuza mbu), kibano, sabuni ya mche, na makopo yenye mifuniko inayobana. Ukiweza, ongeza kitochi cha mwanga wa urujuanimno, kile wenye maduka wanachokagulia noti bandia. Nge akimulikwa nacho gizani hung'aa kijani kama saa ya ukutani. Mimi nilikizungusha chumbani mara moja kila usiku kabla ya kupanda kitandani, na nge wawili nilipata kuwaona kwa njia hiyo.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, kabla jua halijazama

Usianze kupanga nguo. Anza na kitanda. Kivute kiachane na ukuta, funga chandarua, kikague kwa kukitazama dhidi ya mwanga, shona matundu. Kichomeke chini ya godoro pande zote, wala usiache kikigusa sakafu, kwani chandarua kinachoburuta ni ngazi. Kazi yake haiishii kwa mbu. Wako nyoka wanaoingia nyumbani usiku kufuata panya na kumuuma mtu aliyelala, na chandarua kilichochomekwa vizuri huwazuia.

Kisha tazama kuta. Nyumba ya udongo yenye nyufa ndiyo makao ya papasi, kupe laini anayetoka usiku, anakunyonya damu kwa muda mfupi, halafu anarudi ufani kabla hujaamka. Homa yake hupanda, hushuka, halafu hurudi baada ya siku kadhaa, na wengi huidhania malaria. Si ugonjwa wa mzaha: mtafiti Mwingereza Joseph Dutton alifia Kasongo, Kongo, mwaka 1905 akiuchunguza. Omba udongo, ziba nyufa, kandika upya. Majirani watakusaidia, na hiyo ni njia nzuri ya kujuana nao. Usilale sakafuni hata kama joto limezidi.

Sanduku na vitabu viweke juu ya mawe au meza, mbali na ukuta. Mchwa hawapigi hodi. Mimi waliniingilia daftari la mahudhurio kwa chini, wakaanza na kurasa za mwisho. Kina Zuhura, Yusufu na Wilson wakatoweka wote ndani ya wiki moja, na mwalimu mkuu hakuona cha kuchekesha.

Chakula chote kiingie kwenye makopo. Hapa mlolongo ni mfupi: punje zilizomwagika huita panya, panya huita nyoka. Na panya peke yake anatosha kuwa tatizo. Afrika Magharibi kuna homa ya Lassa, iliyopewa jina la mji wa Lassa nchini Nigeria ilikotambuliwa mwaka 1969; inaenezwa na mkojo na kinyesi cha panya kwenye chakula na vyombo. Ukikuta vinyesi vya panya au popo, usifagie vikavu ukavuta vumbi. Nyunyizia maji ya sabuni kwanza, vaa kitu puani, ndipo uondoe.

Mwisho, zunguka nje. Fyeka nyasi hatua kadhaa kuzunguka nyumba, sogeza rundo la kuni mbali na mlango, na jifunze njia ya chooni ungali unaiona.

Hatua ya 3: Saa kumi na mbili jioni

Hii ndiyo saa ya kubadilisha nguo. Suruali ndefu, mikono mirefu, soksi, mafuta ya mbu kwenye vifundo vya miguu. Mbu wa malaria huanza kazi giza likiingia na huuma zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, ndiyo maana chandarua kinashinda dawa yoyote ya kufukiza. Mbu wa dengi, mwenye madoadoa meupe miguuni, hufanya zamu ya mchana na huzaa kwenye ndoo, makopo na matairi yenye maji. Basi funika ndoo zako.

Taa weka mbali na unapokaa, ikiwezekana dirishani kwa nje, ili wageni wakutane huko. Kuna mmoja wa kuangaliwa sana: mdudu mwembamba kama punje ya mchele, mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye Kenya wamempachika jina la Nairobi. Haumi wala hachomi. Lakini ukimpondea shingoni kama unavyoponda mbu, majimaji yake yanaunguza ngozi, na malengelenge hutokea kesho yake au keshokutwa. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilimzalisha kwa wingi. Akitua, mpulize. Ikiwa umeshamponda, osha kwa sabuni mara moja na usishike macho.

Mjusi kafiri wa ukutani muache. Analipa kodi yake kila usiku.

Hatua ya 4: Usiku, na safari ya chooni

Safari ya chooni ndiyo hatari kubwa ya usiku kuliko simba unayemuwazia. Vaa viatu baada ya kuvikung'uta, washa tochi, mulika unapokanyaga na si mbele mbali, tembea kwa kishindo. Gonga mlango wa choo, mulika pembe zote na chini ya mfuniko. Wengine huweka kopo chumbani. Hakuna aibu.

Siafu huja bila ratiba, hasa baada ya mvua. Utajua wamefika kwa kelele za kuku, au kwa kuumwa sehemu tano kwa wakati mmoja. Usiwamwagie maji wala kuwafagia. Utawatawanya, na badala ya mstari mmoja utakuwa na nyumba nzima. Toa watoto wachanga, fungua banda la kuku, legeza kamba za mbuzi, kisha toka nje ukasubiri. Wakishapita baada ya saa kadhaa utakuta nyumba haina mende, haina kunguni, haina panya. Majivu au mafuta ya taa kwenye miguu ya kitanda husaidia ukiwahi. Hakuna kampuni ya usafi iliyowahi kunifanyia kazi kama ile ya siafu, ila tu hawaulizi kama uko tayari.

Hatua ya 5: Asubuhi

Kung'uta viatu, kung'uta taulo, kung'uta shati. Nge na tandu hupenda mahali penye giza na joto, na kiatu kina vyote viwili.

Nguo zilizofuliwa zina habari yake. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa chini au kivulini. Ukizivaa, buu huingia ngozini na kutengeneza jipu lenye tundu dogo katikati. Anika juu kwenye kamba, juani, halafu piga pasi kila kitu pande zote mbili, mishono na chupi zikiwemo. Kama huna pasi, ziache siku kumi na tano bila kuzivaa. Buu akishaingia, pakaa mafuta mengi ya mgando juu ya tundu. Atakosa hewa na kutokeza, hapo unamkamua taratibu kwa vidole viwili. Usimkatekate ndani.

Kagua vidole vya miguu. Funza si mwenyeji wa asili wa Afrika. Alivuka bahari kutoka Amerika Kusini, na inaaminika alifika Angola kwa meli mwaka 1872, akasambaa bara zima kabla ya karne kwisha. Ukiona kidoti cheusi chenye duara jeupe kinachowasha, mwombe mama yeyote kijijini akitoe. Wana mikono myepesi. Sharti langu moja ni sindano iwe yako, iliyochemshwa, na isitumike kwa mtu mwingine. Viatu vya kufunika na sakafu isiyo na vumbi ndiyo kinga.

Hatua ya 6: Mchana kazini na njiani

Kwenye pori la mbung'o, usivae buluu wala nyeusi. Rangi hizo humvutia, na mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Anauma hata juu ya shati jembamba. Vaa kaki au rangi ya majani makavu. Ukipata kidonda kigumu alipouma na homa ikafuata, itaje malale, ule ugonjwa wa usingizi, kwa jina ukifika zahanati.

Nyuki wakichokozwa, kimbia. Usipige mikono, usilale chini, usijitose majini. Funika uso kwa shati na uendelee mpaka uingie ndani ya nyumba. Miiba iondoe upesi kwa kukwangua.

Maji ya ziwa yanavutia saa nane mchana, najua. Lakini viluwiluwi vya kichocho huogelea vikitafuta ngozi ya mtu, na huhitaji kunywa ili kuambukizwa. Maji ya kuoga yachote na uyaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, au yachemshe. Ukishaingia ziwani, usingoje kuona damu kwenye mkojo. Pima baada ya miezi miwili au mitatu.

Nyoka: hapa usiruke mstari

Nyoka wengi hawakutaki. Wanaouma huuma kwa sababu wamekanyagwa, wameshikwa au wamezibiwa njia. Kifutu ndiye wa kuogopwa zaidi njiani, kwa sababu hakimbii. Hujilaza kama jani kavu akitegemea hutamwona. Koboko ni mwepesi na huondoka akisikia kishindo. Swila wapo wanaotema sumu wakilenga macho.

Basi usitie mkono mahali ambapo macho hayajatangulia. Kuni zigeuze kwa fimbo kwanza. Gogo likanyage juu, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Shambani vaa mabuti. Nyoka aliyekufa usimshike, na aliyehai usimfuate na panga ili kuonyesha ushujaa, maana wengi huumwa hapo.

Mtu akiumwa:

1. Msogezeni mbali na nyoka, alale, atulie. Akitembea au kukimbia mwenyewe, sumu inasambaa.
2. Vueni pete, saa, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza.
3. Fungeni kiungo kwa gango kama kilichovunjika, kisitikisike. Msikaze kamba ya kuzuia damu.
4. Msikate, msinyonye, msipake kitu. Jiwe jeusi linalogandishwa kwenye jeraha halitoi sumu. Linachokula ni muda.
5. Andikeni saa aliyoumwa. Pigeni picha ya nyoka kama inawezekana kwa mbali, basi.
6. Mpelekeni hospitali yenye dawa, si ile iliyo karibu tu. Kwa bodaboda, akae katikati, mwingine nyuma akimshikilia. Akitapika au kulegea, alale ubavu.

Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi, robo saa nzima, akifumbua kope. Maji yakikosekana, maziwa yanafaa.

Huenda familia ikataka kuanza kwa mganga. Usianze ugomvi wa imani mgonjwa akiwa chini. Nilichoona kinafanya kazi ni kumwomba mzee mwenye sauti mapema, wiki za kwanza, mkubaliane naye kwamba hospitali itatangulia na mengine yatafuata. Siku ya tukio yeye ndiye atasema, na atasikilizwa.

Mbwa

Mbwa wa kijijini si wa kupapasa. Akikuuma, akikukwaruza au akikulamba kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, kisha nenda kapate chanjo siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Fanya hivyo hivyo kwa popo, nguchiro na paka.

Wakubwa

Ukiwa karibu na hifadhi, jifunze saa za wakubwa kama unavyojifunza ratiba ya basi. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na kurudi kabla hakujapambazuka, kwa hiyo alfajiri usikae kati yake na maji. Kuteka maji ni kazi ya mchana, pamoja na wengine, mahali wenyeji wanapoteka. Mamba husoma mazoea ya mtu anayerudi sehemu ile ile peke yake. Tembo huja mashambani usiku mazao yanapokomaa. Karibu na Tsavo, Kenya, kuna wakulima waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akiugusa, mizinga inatikisika, na tembo anaogopa nyuki kuliko anavyoogopa debe lako. Nyani ni wa mchana: usile ukitembea, usimpe kitu, usimkenulie meno.

Na usiingie mapangoni kutazama popo. Watalii waliofanya hivyo Uganda kwenye pango la msitu wa Maramagambo walitoka na Marburg, homa kali ya virusi, na mmoja alifariki mwaka 2008.

Kuku, bundi na kinyonga

Utagawana nyumba na mifugo. Jogoo atawika saa kumi alfajiri, na mbuzi atakula karatasi za mtihani. Omba banda litengwe na chumba cha kulala ikiwezekana, lakini omba kwa adabu. Kwa mwenyeji wako yule mbuzi ni ada ya shule. Bundi akilia juu ya paa, utaona watu wamenyamaza. Unajua anakula panya, nao wanajua jambo jingine. Usicheke. Kinyonga ukimshika mkononi, watoto watakimbia wakipiga kelele, na wiki nzima hawatakusalimia kwa mkono. Mwache kwenye tawi lake.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi watatoka ardhini na kijiji kizima kitatoka na mabeseni. Weka beseni la maji chini ya taa, watadondoka wenyewe. Hukaangwa bila mafuta kwa kuwa wana yao, chumvi kidogo tu. Ukikaribishwa, kula.

Kurudi

Nguo zote zichemshe au uzianike juani siku mbili, begi ligeuze nje ndani na ukague mishono, kwa sababu kunguni hupenda kusafiri bure. Vidonge vya malaria vimalize kama ulivyoandikiwa, hata kama umeshafika mjini. Na ukipata homa wiki ya pili au mwezi wa nne baada ya kurudi, sentensi ya kwanza unayomwambia daktari iwe mahali ulikokuwa: kijiji, mto, nyumba ya udongo, vilivyokuuma. Asipouliza, mwambie.